UZI: Ilani za uchaguzi zimetufanyia nini sisi watu wa Turkana?

1. Kila msimu wa siasa, mabishano humu mtandaoni ni yale yale. Mmoja anasema, "Manifesto ni karatasi tu, hakuna mtu hula karatasi." Mwingine anajibu, "Sisi tuliahidi tukatimiza, nyinyi mmefanya nini?" Wanatukanana mpaka usiku wa manane, kesho wanaanza tena. Mimi niko Kakuma, Turkana Magharibi. Leo nataka tuweke matusi kando kidogo, tuchukue historia ya kaunti moja, tuangalie ahadi gani zilifika kwa mpiga kura na gani zilibaki jukwaani. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukimtafuta wa kwenu umsifu au umtukane, hutampata hapa.

2. Nianze na nyumbani. Januari 2003 nilikuwa na miaka kumi na sijawahi kuingia darasani. Mama alikuwa anauza makaa na kuni. Karo, pesa ya dawati, pesa ya mtihani, vyote vilikuwa juu ya uwezo wake. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Desemba 27, 2002, na waliolishinda jukwaa walikuwa wameahidi elimu ya msingi bila malipo. Wiki chache baadaye ahadi ikawa amri ya serikali. Mama akanishika mkono akanipeleka darasa la kwanza. Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na sita. Wakasema huyu ameshakomaa, abaki na mbuzi. Leo mimi naandika uzi huu, yeye ananitumia ujumbe wa sauti kwa sababu hajui kusoma. Tumezaliwa tumbo moja. Kwa hivyo ukiniambia manifesto haibadilishi kitu, unaongea na mtu ambaye ilimbadilisha.

3. Lakini usipige makofi bado. Ahadi hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1971 karo ya shule za msingi ilifutwa kwa wilaya kame, Turkana ikiwemo. Mwaka 1974 ikafutwa nchi nzima kwa darasa la kwanza mpaka la nne. Watoto wakajaa, pesa za kujenga madarasa hazikuwepo, shule zikaanza kutoza "mchango wa ujenzi". Mwishoni mwa miaka ya 80 ikaja sera ya wazazi kugharamia elimu pamoja na serikali, na mlango ukafungwa tena. Mama yangu aliona ahadi hiyo ikitolewa na kurudishwa kabla mimi sijazaliwa. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kuishikilia: pesa iliyotengwa kila mwaka, na sheria ambayo mzazi anaweza kuishika mkononi.

4. Mwaka 2003 watoto wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaandika kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hapo ndipo ahadi ya jukwaani iligeuka haki. Bado walimu wakuu wengine hutoza hiki na kile, najua, lakini sasa mzazi ana pa kusimama akibisha. Tofauti ya 1974 na 2010 ndiyo hoja yangu yote katika uzi huu. Endelea kusoma.

5. Jambo lingine la shule ambalo halikuwa kwenye manifesto ya mtu. Sisi kilichotuweka darasani kilikuwa sufuria. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kulisha wanafunzi Kenya mwaka 1980 na likakabidhi serikali kazi hiyo kikamilifu 2018. Chakula kikichelewa, darasa lilibaki nusu. Wenzetu walirudi kwa mifugo. Kwa hivyo "bure" ya karo peke yake, kwa mtoto wa mfugaji, ni nusu ya ahadi. Aliyeandika ilani akiwa Nairobi aliona karo. Hakuona tumbo.

6. Sasa turudi nyuma zaidi. Wazee wetu mpaka leo wakipanda basi la Kitale wanasema, "Naenda Kenya." Vijana wanacheka, lakini neno hilo lina historia. Wakoloni waliifanya Turkana wilaya iliyofungwa. Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 ilimpa mkuu wa utawala uwezo wa kuzuia nani anaingia na nani anatoka. Lodwar na Lokitaung zilitumika kama mahali pa kuwafungia wapigania uhuru, kwa sababu zilionekana ni mwisho wa dunia. Uhuru ulikuja 1963. Sheria hiyo ilifutwa 1997. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

7. Halafu kuna waraka ambao kila mtu wa kaskazini angefaa kuujua: Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Ndani yake kuna hoja kwamba pesa ya maendeleo iwekwe pale itakapozaa haraka: penye mvua, udongo mzuri, barabara, umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ikipatikana, sehemu nyingine zitasaidiwa baadaye. Hakuna mkutano wa hadhara Lodwar ambapo mtu alisimama akasema, "Nipigieni kura niwaweke mwisho." Ilikuwa aya tu kwenye waraka. Lakini aya hiyo iliamua barabara ipite wapi na hospitali ijengwe wapi kwa miaka mingi. Watu wakituuliza kwa nini Turkana iko nyuma, wanadhani ni jua. Jua liko, sikatai. Na aya pia iko.

8. Baada ya hapo tukaingia enzi ya miradi. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao wazee wanauita Lopiar, ulifagia mifugo. Watu wakajazana kwenye kambi za chakula. Wakati huo huo Wanorwe wakajenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya ziwa, wafugaji wageuke wavuvi. Kugandisha samaki kwenye joto lile kulikuwa ghali kuliko samaki mwenyewe, na maji ya Ghuba ya Ferguson yakarudi nyuma. Kiwanda kikalala. Ninakitaja kwa sababu wagombea bado wanapenda kitu cha kuonyesha kwa kidole: jengo, mtambo, utepe wa kukata. Mpiga kura anapenda pia, tusidanganyane. Lakini jengo bila hesabu ya kuliendesha ni mnara wa kumbukumbu.

9. Mfano wa hapa kwetu. Kuna kisima kilichimbwa karibu na boma letu miezi mitatu kabla ya uchaguzi mmoja. Wimbo ulikuwa mtamu siku hiyo, mbuzi walichinjwa. Mwaka uliofuata pampu ikafa. Tukaenda ofisi ya kwanza, wakatutuma ya pili, ya pili ikaturudisha ya kwanza. Hakuna bajeti ya spea, hakuna fundi. Mama akarudi kwa laga, akichimba mchanga kwa bakuli, mtungi wa lita 20 unajaa kwa saa nzima. Kwenye hesabu ya mafanikio ya mtu fulani, kile kisima bado kinahesabiwa kimoja. Kwenye mgongo wa mama kinahesabiwa sifuri.

10. Mwaka 2013 tulipata ahadi nyingi kwa mpigo. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wapate laptopu. Zabuni zikaingia kwa kesi, mpango ukabadilika, baadaye vikaja vishikwambi. Shule nyingi za huku hazikuwa na umeme wala kuta za kutosha. Uzazi bila malipo katika hospitali za serikali nao ulitangazwa kuanza Juni 1, 2013, na ulitimia. Ulisaidia kina mama wengi, na mimi nawapa haki yao waliouleta. Lakini mama anayeishi kilomita 40 kutoka zahanati, usiku, bila gari, "bila malipo" inamsaidia nini? Kwake gharama ni umbali, na umbali hakuna aliyeufuta.

11. Septemba 2013 serikali na UNESCO wakatangaza kwamba chini ya ardhi yetu, Lotikipi na Lodwar, kuna maji mengi sana, mita za ujazo kama bilioni 200. Ikasemwa yanatosha nchi nzima miaka 70. Lotikipi si mbali na Kakuma, basi huku ilikuwa sherehe. Wanasiasa wakaanza kuigawa maji ambayo hakuna aliyeyaonja. Visima vya majaribio vya Lotikipi vilipochimbwa, maji yakapatikana yana chumvi nyingi. Kuyasafisha ni pesa, na pesa hiyo haikuwa kwenye hotuba. Kosa la hapa si la wataalamu kutafuta. Ni la siasa kuuza kitu kabla hakijapimwa.

12. Mafuta ni hadithi kama hiyo, ila ina funzo zuri ndani. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa Ngamia-1, bonde la Lokichar. Mikutanoni ikawa "Dubai ndogo". Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta ghafi yakaanza safari ya Mombasa, na mwezi huo huo wakaaji wakafunga barabara wakidai usalama na kazi. Lakini vita yenyewe haikuwa barabarani. Ilikuwa kwenye mswada: jamii ipate asilimia 5 au 10? Mvutano ulidumu miaka. Sheria ya Petroli ya 2019 ikaandika asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii. Uipende usiipende, hiyo namba iko kwenye sheria. Mambo ya Dubai hayajaandikwa popote.

13. Tukija kwa kilichobadilisha Turkana zaidi ya yote katika maisha yangu, ni ugatuzi. Katiba ilizinduliwa Agosti 27, 2010. Inasema kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Uchaguzi wa kwanza wa kaunti ukafanyika Machi 4, 2013. Mwaka wa kwanza Turkana iligawiwa zaidi ya shilingi bilioni 7, ya pili baada ya Nairobi. Wilaya iliyokuwa ikingoja mwisho wa foleni ikawa ya pili mbele. Hiyo haikutoka kwa huruma ya mtu. Ilitoka kwa fomula: idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na nidhamu ya fedha 2.

14. Je, pesa zote zilifanya kazi? Hapana. Kuna majengo yaliyoanzwa yakaachwa, na bili ambazo hazijalipwa ni wimbo wa kaunti karibu zote nchini. Utafiti wa serikali wa 2015/16 bado ulikuta watu karibu 79 kati ya 100 Turkana ni maskini, wakati wastani wa taifa ulikuwa 36. Wanaobisha dhidi yetu hupenda kuitumia hii: "Mmepewa mabilioni, mbona bado?" Jibu langu: tuulizane kwa ukali pesa ilienda wapi, hiyo ni haki. Lakini miaka mitatu haifuti hamsini.

15. Mwaka 2020 ndipo mabishano yalipamba moto: "Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Ni kauli tamu na inaingia kichwani haraka. Pesa ifuate watu, si mawe na mchanga. Seneti ilikaa kikao baada ya kikao bila kuelewana, mpaka Septemba 17, ilipokubaliwa hakuna kaunti itakayopunguziwa na mgao wa jumla uongezwe. Kauli hiyo imerudi tena baadaye na itarudi 2027. Kwa hivyo tuifanyie hesabu hapa, polepole.

16. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana, katika eneo la takriban kilomita za mraba 70,000. Hao ni kama watu 13 kwa kila kilomita ya mraba. Vihiga walikuwa 590,013, kama watu 1,047 kwa kilomita ya mraba. Sasa jenga zahanati ya watu 5,000. Vihiga watu hao wanaishi ndani ya kilomita za mraba tano hivi, mgonjwa anatembea. Turkana wametawanyika kwenye kilomita za mraba zaidi ya 380. Hapo unahitaji ambulensi, mafuta, barabara, muuguzi wa kuzunguka, friji ya chanjo inayotumia jua. Shilingi ni ile ile, lakini safari yake si moja.

17. Niwatendee haki wa upande wa pili pia. Wana hoja. Ardhi haiugui, watu ndio wanaugua. Mama wa mtaa wa mabanda Nairobi au wa Vihiga mwenye robo eka si tajiri kwa sababu anaishi penye mvua. Na kuna kaunti zimekula pesa za "umaskini" bila maskini kuonja. Mimi sisemi wanyimwe. Ninachosema ni kwamba mgombea akija na kauli hiyo, mwulize: katika fomula yako umbali una asilimia ngapi? Akikosa jibu, amekuja na wimbo tu.

18. Kuna kitu kingine kimelala kwenye Katiba ambacho sijasikia kwenye jukwaa lolote. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14, Turkana ikiwemo. Muda wake ni miaka 20, halafu unaisha, isipokuwa Bunge liuongeze. Miaka mingi kati ya hiyo imeliwa na mivutano kuhusu nani asimamie pesa. Mwaka 2019 mahakama ilifuta mwongozo wa awali, kanuni mpya zikapatikana 2021. Sasa angalia tarehe: 2010 ongeza 20 ni 2030. Bunge litakaloamua kama hazina hiyo iishi au ife ni lile tutakalolichagua 2027. Wakuu, hii ndiyo ahadi ya kumdai mgombea. Utauongeza muda, ndiyo au hapana?

19. Mwisho nije Kakuma mjini. Kambi ilifunguliwa 1992. Leo pamoja na Kalobeyei ina watu karibu 300,000. Wakimbizi hawapigi kura, kwa hivyo hakuna ilani inayowaandika isipokuwa kama tatizo. Lakini maisha yetu na yao yamefungwa kamba moja. Shirika la IFC lilikadiria mwaka 2018 kwamba soko la Kakuma lina thamani ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka. Kina mama Waturkana wanauza kuni na makaa kambini, wanalipwa pesa au wanabadilishana na unga. Mama yangu ni mmoja wao, ndivyo alivyoninunulia sare.

20. Novemba 2024 Marekani walipiga kura. Mwaka uliofuata serikali yao ikakata misaada ya nje, na mgao wa chakula kambini ukapunguzwa sana. Mkimbizi hana unga, basi hana cha kubadilishana na kuni. Mama alirudi jioni na mzigo wake mgongoni kama alivyoondoka nao. Ilani ya nchi ambayo hajui iko upande gani ilimfikia Kakuma, na hakuwa na kura huko. Sisi tulio na kura hapa kwetu tunaiuza kwa kofia na mia mbili. Tufikirie hilo.

21. Kwa hivyo mwaka 2027, ilani zikianza kumwagika, mimi nitauliza maswali matatu tu kwa kila ahadi:

– Imeandikwa wapi? Kwenye sheria, kwenye bajeti, kwenye fomula, au kwenye fulana?

– Nani atalipa mwaka wa pili? Kujenga ni siku moja. Spea, dawa, mshahara na mafuta ni kila mwezi.

– Inanifikia nilipo? "Bure" iliyo umbali wa kilomita 40 si bure.

22. Wanaosema ilani ni karatasi tu, aya moja ya 1965 ilituchelewesha na vifungu vichache vya 2010 vikatusogeza. Zote zilikuwa karatasi. Na wanaosema "sisi tulitimiza", leteni ukurasa, namba ya sheria na bajeti ya mwaka huu, tuongee. Chini hapa usiniwekee picha ya mgombea. Niwekee ahadi moja kutoka kaunti yako na uijibu kwa maswali hayo matatu.

23. Kaka yangu ana kura. Ameshaniambia hizo manifesto zikitoka nimsomee kwa ujumbe wa sauti, mwanzo mpaka mwisho, hata zile sehemu za hesabu. Nitamsomea zote, za kila upande. Na wewe kama una mzazi au ndugu asiyejua kusoma, msomee.

Mwisho wa uzi.